Bamba la Upande Wako

Tarehe 9 Februari

Mpwa wangu Betri,

Pokea salamu kwanza, maana mengine ni marefu. Mimi ni mzima kwa kiwango cha mtu wa umri wangu, yaani goti la kulia liko salama na la kushoto lina maoni yake. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Amesema nikuandikie kwamba nimeacha sukari. Nimekuandikia. Sasa huo uongo ni wake. Binamu yako amenunua pikipiki, na tangu ainunue mama yake amejifunza kusali akiwa amesimama mlangoni.

Najua utauliza kwa nini mjomba anahangaika na bahasha wakati simu zipo. Mwanangu, kila tukipigiana tangu mama yako atutoke, wewe unakaa kimya, mimi nakueleza habari za mvua, kisha tunaagana. Nikaona kwenye karatasi angalau kimya chako sitakisikia.

Haya, jambo lenyewe. Ni kile chumba cha mama yako cha kutengenezea redio. Mwenye nyumba alinijia kwa adabu zake zote, kofia mkononi, akasema binti yake anataka kufungua saluni pale, nikabidhi chumba kabla mwezi wa tano haujaisha. Siwezi kumlaumu, amevumilia. Vitu vingi nimeshavitoa. Redio za watu nimewarudishia, hata ile ya fundi cherehani jirani, ambayo mama yako aliichukua wewe ukiwa bado unavaa sare za shule. Alikuwa ameshaitengeneza, kumbe, akasahau tu kusema. Fundi cherehani akaiwasha, ikalia, na yeye akaanza kulia. Nikawaacha wote wawili.

Kilichobaki ni kabati. Unalijua kuliko mimi: lile la mbao, lililojaa visanduku vya bati vyenye matundu na vishikizo vya kuzungusha, na zile waya za rangi zinazotoka tundu hili kwenda lile kama mizizi ya mti uliong'olewa. Na chini yake ule ubao wa shaba aliokuwa anaugusagusa. Halijaguswa na mtu. Waya zimechomekwa vilevile alivyoziacha, na kitambaa chake juu.

Mimi ni fundi plasta. Ukuta unaotaka kupasuka naujua kabla wenyewe haujaamua. Lakini hili kabati nikilikaribia natembea kama mtu aliyekwenda ukweni. Niambie nilifanyeje.

Mengine siulizi. Ukiwa tayari utasema. Usipokuwa tayari, tutaongea habari za mvua.

Mjomba wako.


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mpe mkaza mjomba salamu zangu, umwambie sijaamini neno lolote kuhusu sukari. Binamu mwambie avae kofia ngumu, na asiivae kwenye kiwiko kama wenzake.

Mimi naendelea. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama dirisha la mtu mwingine, tumeshazoeana mpaka tunapungiana mikono. Kazi ni ileile, ukumbi wa maonyesho. Napanga maikrofoni na spika, na watu wakipiga makofi mimi niko nyuma ya pazia nakunja waya. Sijui ukoo wetu na waya tulikoseana nini.

Barua yako imekuja kama iliyoitwa. Mkuu wa ukumbi anataka tuwe na jioni moja, mwezi wa sita, ya mitambo ya sauti iliyotengenezwa kwa mkono. Nikasema mama yangu alijenga sinthesaiza ya moduli, yaani mtambo wa kutengeneza sauti kwa umeme, kutoka kwenye redio mbovu, kisanduku kimoja kimoja, mpaka kabati likajaa. Mkuu akaniuliza, "Na wewe unajua kuipiga?" Nikasema najua. Ni mara ya kwanza tangu nije huku mtu ananiomba nikae mbele ya pazia.

Kwa hiyo nitumie. Zima swichi ya nyuma, halafu chomoa waya zote. Usihangaike kukumbuka ipi ilikuwa wapi, mimi nitaziunganisha upya. Zitie kwenye mfuko wa nguo. Ubao wa kugusa uufunge kwa blanketi na usiweke kitu juu yake. Na usiogope, umeme wake ni mdogo, hauwezi kumshtua hata kifaranga.

Ukitaka kujaribu kabla hujafunga, jaribu tu. Ule si kama kinanda, hakuna kinachobonyea. Ubao unasikia ngozi. Ukigusa kwa ncha ya kidole sauti inanong'ona, ukilaza kidole kizima inafura. Ndiyo maana Mama alikuwa akimfukuza kila mwenye mikono ya mafuta.

Yale uliyosema huulizi, asante kwa kutouliza. Huku mvua haijanyesha.

Betri


Tarehe 20 Machi

Betri mwanangu,

Marahaba. Wote tumeamka salama isipokuwa simu yangu, ambayo imefariki. Nilikuwa juu ya jukwaa napiga plasta, ikateleza mfukoni, ikazama kwenye ndoo ya saruji. Nilipoipata ilikuwa imeshakuwa tofali. Ya mkaza mjomba wako ameichukua binamu yako kwa ajili ya wateja wake wa pikipiki, anashinda nayo barabarani, na ikirudi imechoka kuliko yeye. Kwa hiyo nyumba nzima imebaki na kalamu.

Kuhusu kabati, nimeanza. Yaani nimeanza kulifikiria. Kwanza nilikosa mbao za sanduku. Mbao zikapatikana, nikakosa misumari ya kufaa. Misumari ilipopatikana goti likakataa.

"Wewe hutaki kulichomoa," mkaza mjomba wako akasema. "Sema tu."

"Mama, kazi ya ufundi haitaki pupa."

"Kuta za watu mbona unazimaliza kabla chai haijapoa?"

Basi nikwambie ukweli kidogo, uliobaki utakuja taratibu. Nililiwasha. Vitaa vyote vikaamka. Nikakaa kwenye kiti cha mama yako, nikagusa shaba kwa ncha ya kidole kama ulivyosema. Kimya. Nikalaza kidole kizima. Kimya. Nikaweka kiganja. Nikaongeza cha pili. Nikalamba kidole nikarudia. Mwisho, Mungu anisamehe, niliinama nikagusa kwa pua. Mkaza mjomba wako aliingia wakati huohuo wa pua, na sasa mtaa mzima una habari.

Sikushangaa sana. Saruji ilishakula vidole vyangu zamani. Nilipokwenda kusajili laini ya simu, binti wa dukani alinibandika kwenye kile kidude cha alama za vidole, mkono huu, mkono ule, mpaka gumba, mwisho akaniuliza, "Mzee, una hakika wewe ni mtu?" Kwa hiyo mtambo wa mama yako simlaumu fundi wake. Haujanitambua tu, kama wengi.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Mimi nilikuwa namsikia mama yako akipiga. Nikipita nje na toroli langu nasimama ukutani, najifanya nafunga kamba ya kiatu. Siku moja nikamwambia, "Dada, leo piga ile ya jana, niliipenda." Akacheka. "Ya jana haipo tena. Kabati hili halina kumbukumbu, kama wewe. Sauti iko kwenye waya. Ukichomoa, imekwenda."

Ndilo swali langu. Nikichomoa, hii aliyoiacha nayo imekwenda? Nijibu kama fundi, usinijibu kama mtoto wake.

Mjomba wako, mwenye pua maarufu.


Tarehe 6 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima. Pua pole.

Nakujibu kama fundi. Ndiyo, ukichomoa imekwenda. Ndivyo mitambo hii ilivyo, na ndivyo Mama alivyoipendea. Kila jioni alikuwa anachomoa waya zote, moja moja, anazitundika kwenye misumari kwa rangi zake, halafu ndiyo anafunga dirisha. Asubuhi anaanza upya. Nilipokuwa mdogo nililia sana kwa ajili ya sauti nzuri zilizochomolewa. Akaniambia kulala na waya zimechomekwa ni sawa na kulala na viatu. Katika maisha yake yote sikumwona akiziacha hata usiku mmoja.

Kwa hiyo hapo hakuna cha kuhifadhi. Ni waya tu, Mjomba. Nazikunja kila siku, nazijua.

Tangazo limeshabandikwa mlangoni pa ukumbi. Kila nikiingia kazini nakutana na jina la mama yangu ukutani na langu chini yake, na kabati liko kwako, na mzigo unachukua wiki nyingi njiani. Nakuomba. Chomoa, funga, tuma.

Usinikasirikie. Goti lipate nafuu.

Betri


Tarehe 25 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za kila mtu nimeziweka, nitazitoa nikiwaona kwa macho. Leo sina subira ya kupanga maneno.

Usichomoe.

Nimepiga simu yako, kweli imekuwa tofali. Nimepiga ya mkaza mjomba, akapokea binamu, upepo unavuma masikioni mwake. Nikamwambia waambie wasiguse waya. Akasema, "Usiwe na wasiwasi dada, nitawaambia." Namjua binamu. Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza.

Nilikuandikia kwamba Mama hakulala na waya zimechomekwa hata usiku mmoja. Nikaandika, nikapeleka posta, nikarudi kazini. Jana baada ya onyesho nilikuwa nimepiga magoti jukwaani nakunja waya, ndipo maneno yangu mwenyewe yakanirudia. Hakuwahi kuziacha. Sasa hizi aliziacha kwa nini?

Na wewe ulisema kabati liko kimya. Si vidole vyako, Mjomba, ni mimi niliyesahau kukwambia. Ubao ule hausikii mpaka mwili wa anayepiga uwe umeungana na mtambo. Pembeni kuna mabamba mawili ya shaba yaliyopigiliwa. Moja liko upande wa kiti cha Mama, alikuwa analiegemea kwa kiwiko huku anapiga. La pili liko upande wa ile stuli fupi. Hilo ni langu. Nilianza kukaa pale miguu ikiwa haifiki chini, kiganja kimoja kwenye bamba, mkono wa pili nimemshika Mama. Akichomeka waya wa bamba langu badala ya lake, hawezi kupiga bila mimi. Nikimshika kidogo sauti inakonda, nikikaza inanenepa. Watu walidhani anapiga yeye. Tulikuwa tunapiga wawili. Nikinuna nikamwachia, kabati linanyamaza katikati ya wimbo, naye anacheka, "Haya, mwenye umeme wake amesusa."

Mwaka jana, kabla hajaanza kuumwa, alinipigia. "Betri, kuna sauti nimeipata. Njoo uisikie." Nikamwambia airekodi anitumie. Akasema haiwezekani mpaka niwepo. Nikadhani ni maneno wanayosema kina mama wote ili watoto warudi nyumbani. Nikamwambia nitakuja likizo. Likizo ikaja, nikaichukua kwa mambo mengine. Yaliyofuata unayajua.

Angalia waya unaotoka kwenye bamba, Mjomba. Kama unatoka upande wa stuli, weka nyundo chini, toka, funga mlango. Ukumbini nimewaambia watafute mtu mwingine. Nimeomba ruhusa. Mwezi wa sita nakuja mimi, kabati lisije.

Betri


Tarehe 28 Aprili

Mwanangu Betri,

Marahaba. Hatujambo. Binamu yako amekwenda safari ya mbali na mzigo wa mtu, hajarudi, na mlango wetu umechoka kusimamiwa na mama yake. Barua yako ya tarehe sita imefika juzi. Sijakasirika hata kidogo. Nilipofika pale pa jina la mama yako ukutani nilijiona mtu mzima ovyo. Mtoto anataka kitu cha mama yake, na mjomba amekikalia kama kuku anayeatamia jiwe.

Nimechomoa.

Ila lazima nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu sijui nimweleze nani mwingine. Jana asubuhi nilikwenda na mbao, misumari, na mkaza mjomba wako, ambaye alikataa kabati lifungwe kabla ya kupanguswa. "Wifi yangu haendi kwa watu na vumbi," akasema. Nikaliwasha. Sijui kwa nini, kuagana nadhani. Nikakaa kwenye ile stuli fupi ya pembeni, maana kiti cha mama yako tangu siku ya pua naona kinanicheka. Mkaza mjomba wako akaja na kitambaa kibichi, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye ubao.

"We mama, utaharibu!" Nikamdaka mkono. Goti likanisaliti, mkono wangu wa pili ukajishikiza kwenye kile kipande cha shaba kilichopigiliwa kando ya stuli.

Betri, kabati likasema.

Sijui niieleze vipi. Ilianza chini kabisa, kama mtu anayekohoa kidogo kabla ya kubisha hodi. Ikapanda. Nilipomkaza mkono ikajaa chumba chote, vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka. Nilipolegeza ikawa nyembamba kama uzi, lakini haikukatika. Na ndani yake zilikuwa sauti mbili. Moja inatangulia, nyingine inafuata nyuma kidogo, kama mtoto anayemfuata mama yake njiani. Ya nyuma ikichelewa, ya mbele inapunguza mwendo. Haikuwahi kuiacha.

Mkaza mjomba wako alitoa macho, hakuthubutu kuinua kidole. Akaninong'oneza, "Usiniachie." Ndoa yote hii hajawahi kuniambia neno hilo, na alipoliambia ilikuwa kwa ajili ya kabati.

Hatukurekodi. Habari za simu zetu unazo. Tulikaa vile mpaka kitambaa kikamkaukia mkononi. Kisha nikachomoa, kwa sababu uliniomba na kwa sababu fundi ni wewe. Nilizitoa moja moja, kama ulivyosema yeye alivyokuwa akifanya, na kila moja nikaikunja. Wa mwisho ulikuwa mwekundu, mrefu, unatoka kwenye kile kipande cha shaba cha upande wa stuli. Ulipotoka kabati likafanya "tk", kama ulimi wa mtu asiyeridhika. Basi.

Kuna kitu sikukwambia, na sijui kama kwa fundi kina maana. Mama yako alipokuwa bado anaweza kutembea kwa kushika ukuta, nilimkuta chumbani mle anafunika kabati kwa kitambaa. Nikamwambia, "Dada, nikuchomolee waya zako?" Akasema, "Ziache. Nangoja mtu." Nikadhani ni mteja wa redio.

Sanduku limefungwa. Jumatatu linakwenda kwa watu wa mizigo.

Mjomba wako.


Tarehe 19 Mei

Mwanangu,

Barua yako ya "usichomoe" imefika. Yangu nadhani nayo umeshaisoma, au unaisoma sasa hivi, na mimi hapa siwezi kuizuia.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wa kwangu amezaliwa kabla hata sijapata mkwe.

Nilikuwa nasoma kwa sauti mezani, mkaza mjomba wako anasikiliza, binamu yako anakunywa chai. Nilipofika pale pa "nitawaambia", akaweka kikombe chini.

"Baba. Betri alipiga."

"Lini?"

"Kabla ya ile safari. Nikasema nikirudi nitawaambia."

Mama yake alinyoosha mkono, akaichukua simu yake, akaitia kifuani ndani ya nguo, na huko ndiko inakoishi mpaka leo. Kijana amekonda. Nilitaka kukuandikia kwamba hata angesema mambo yangekuwa yaleyale. Nikaiandika sentensi hiyo, nikaitazama, nikaikata. Yasingekuwa yaleyale. Lakini usimlaumu yeye. Yeye alisahau neno. Mimi nilisikia ile sauti kwa masikio yangu, nikaona ule waya ulikotoka, nikakumbuka na maneno ya dada yangu, na bado nikauchomoa. Sikuyaunganisha. Fundi gani huyo.

Sanduku halikwenda. Watu wa mizigo walilikataa, wakasema limejengwa kama ukuta, litavunja gari lao. Nikalirudisha kwa mkokoteni, mtu mzima nimelowa aibu, na sasa namshukuru Mungu kwa useremala wangu mbovu. Chumba nimeshakikabidhi, saluni imefunguliwa, inanukia vizuri kuliko sisi. Kabati liko sebuleni kwetu. Kochi liko uani. Aliyelisukuma kochi ni mkaza mjomba wako, sikumwambia.

Tumekuwa tukichomeka, mimi na yeye. Yeye anasema anakumbuka rangi, mimi nasema nakumbuka urefu.

"Wa njano ulikuwa huku."

"Huku palikuwa na kijani."

"Kijani ni shuka lako, baba."

Halafu tunashikana mikono kama wachumba, mimi nimeweka kiganja kwenye bamba, yeye anagusa ubao. Tumepata sauti ya mbuzi. Tumepata sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Jana ikatoka moja, akasema, "Ndiyo hii! Ndiyo hii!" Nikamtazama, akanitazama, tukajua siyo. Sitakudanganya kwamba tutaipata, mwanangu. Imekwenda, na mkono ulioitoa ndio huu unaokuandikia.

Lakini nina jambo moja la kukueleza, na hili ni la fundi plasta, si la sauti.

Leo nilikuwa nayatazama yale mabamba kwenye mwanga wa dirisha. Shaba isipoguswa inafanya weusi, hilo kila mtu anajua. Bamba la upande wa mama yako, lile alilolilalia kiwiko maisha yake yote, limekuwa jeusi kama kitako cha sufuria. La upande wako linang'aa. Nikasema ni sisi, tumelishikashika siku hizi. Lakini sisi tunashika katikati. Hili linang'aa mpaka kwenye kona, mpaka juu ya vichwa vya misumari, mpaka kule nyuma ambako kiganja hakifiki. Mimi najua mahali palipoguswa kwa bahati na mahali palipofanyiwa kazi. Nikainama, na goti hili, nikatazama chini ya stuli. Pamefungwa kitambaa kwa kamba. Kimekuwa cheusi, kimekakamaa kwa kusugulia.

Kabla yangu, pale hakukaa mtu tangu uondoke. Na shaba haijisugui.

Sikuandikii haya ili ulie. Nakuandikia kwa sababu uliniuliza kwa nini hizi waya aliziacha, na mimi nilikuwa nimeshakupa jibu nusu. Alikuwa anakungoja wewe, na alikuwa anakungoja vizuri, bila kununa. Ungemkuta ameshakuandalia mahali.

Njoo mwezi wa sita kama ulivyosema. Usije kwa ajili ya ile sauti, haipo. Njoo uje ukae kwenye kiti cha mama yako, maana stuli sasa ni yangu. Ubao hautaki vidole vyangu, lakini kushika bamba si kazi ya vidole, ni kazi ya kukaa, na mimi na hili goti hatuna pa kwenda. Utachomeka unavyojua. Mimi nitakushika kiwiko, ukiniambia kaza nitakaza, ukiniambia legeza nitalegeza. Utapiga kitakachotoka. Jioni tutachomoa zote, tuzitundike kwa rangi zake. Misumari nimeshapigilia ukutani, mkaza mjomba wako amelalamikia plasta.

Bamba nimelisugua leo asubuhi mpaka kwenye kona. Kitambaa nimekifunga tena palepale.

Mjomba wako.